Jinsi ya Kuongoza Tafakari ya Neno Kwenye Jumuiya: Mwongozo Kamili kwa Sisi wa Dodoma

Umepangiwa zamu. Mwenyekiti wa jumuiya amekutumia ujumbe kwamba wiki ijayo neno ni lako, fungu uchague mwenyewe. Wengi wakifikishiwa habari hiyo hutafuta mahubiri ya mtu kwenye simu wakayarudia, au hungoja hadi jioni yenyewe, wakafungua Biblia, wakachukua mstari unaojulikana na kuuzungushia maneno kwa dakika arobaini. Waliokuja wanaitikia amina, wanakunywa chai, wanarudi makwao. Nimeketi katika vikao vingi vya namna hiyo na vinaniumiza, kwa sababu watu wametoka mbali, wengine wameacha biashara zao, wamekuja kulisikia Neno.

Mafungu mengi ya Biblia yanayozungumzia imani, ibada na ushirika yaliandikiwa watu walioketi pamoja kama ninyi mtakavyoketi. Nyaraka za Paulo zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa zima lililokutana nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo kiongozi wa tafakari hapaswi kuwa mhubiri wa pili baada ya yule wa Jumapili. Kazi yake ni kuwasaidia walioketi walione andiko kwa macho yao wenyewe, wazungumze, kisha wakubaliane jambo la kufanya kabla hawajasimama. Mwongozo huu unafaa kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, kwa nyumba kwa nyumba za Kianglikana, kwa mitaa ya Kilutheri na kwa makanisa ya nyumbani ya Kipentekoste. Majina yanatofautiana, kazi ni ile ile.

Hatua ya kwanza: chagua fungu zima

Kama kanisa lako lina kalenda ya masomo, fuata kalenda. Inakulinda usizunguke kila mara kwenye mafungu unayoyapenda. Kama umeachiwa uhuru, chukua fungu lenye mwanzo na mwisho wake, mistari kati ya saba na ishirini hivi. Usichukue mstari mmoja.

Mfano ni Mathayo 18:20, "Kwa kuwa walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao." Tunausema mstari huu kila waumini wanapokuja wachache, kama faraja kwa viti vitupu. Ni kweli Bwana yupo hata mkiwa watatu. Lakini anza kusoma mstari wa 15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Fungu zima linahusu ndugu waliokosana na jinsi ya kumrudisha aliyekosa: kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Baada ya mstari wa 20, Petro anauliza asamehe mara ngapi. Wawili watatu wanaotajwa wamekusanyika juu ya jambo zito. Jumuiya yenye watu wawili wasiosalimiana inapolisoma fungu hili lote kwa pamoja, hakuna atakayelisikia kama faraja ya mahudhurio.

Mfano mwingine unatugusa sana hapa mjini. Yeremia 29:11, lile la mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho, limeandikwa kwenye kadi, kalenda na vioo vya bodaboda. Ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli. Mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70, na mstari wa 7 unawaagiza, "Kautakieni amani mji ule", wauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani ya mji huo nao watapata amani. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watumishi wa serikali lilianza kuhamia mwaka 2016, na leo jumuiya za Nzuguni, Kizota na Ihumwa zimejaa watu ambao mioyo yao bado iko Dar es Salaam, Mbeya au Moshi. Uhamisho wa kikazi si utumwa wa Babeli, na kiongozi aseme hivyo waziwazi. Hata hivyo, swali la mstari wa 7 linawafaa: unauombea mji huu, au unasubiri Ijumaa upande basi?

Kwa jumuiya inayoanza, ningependekeza mafungu haya, wiki kwa wiki: Matendo 2:41–47, Yohana 15:1–17, Warumi 12:3–16, Yakobo 2:1–9, Amosi 5:21–24, 1 Wakorintho 11:17–34, Waebrania 10:19–25. Amosi nimemweka makusudi. Tukizungumzia ibada huwa tunakimbilia sifa na nyimbo, na yeye anasema Mungu anaweza kuzichukia nyimbo hizo mahali pasipo na haki. Anataka haki itiririke kama mto usiokauka. Sisi tunaoishi kando ya makorongo yanayopitisha maji wakati wa masika tu, kisha yakabaki mchanga ambao watu huuchimba wapate ndoo moja, tunaweza kuielewa hamu hiyo bila maelezo marefu.

Hatua ya pili: lisome nyumbani siku kadhaa kabla

Anza mapema, angalau siku nne kabla. Siku ya kwanza soma fungu kwa sauti, mara mbili, bila kuandika lolote. Siku ya pili soma sura iliyotangulia na inayofuata. Siku ya tatu chukua daftari ujiulize: nani anasema, anawaambia kina nani, wako katika hali gani, neno gani linarudiwa, na kitu gani kinanishangaza. Hilo la mwisho usiliruke. Mahali ulipokwama wewe ndipo na wenzako watakapokwama, na ndipo mazungumzo yatakapochangamka.

Kama una Biblia ya Union Version, tafuta na tafsiri nyingine ya Kiswahili chepesi, uzisome pamoja. Wenye wazazi wanaosoma Biblia ya Chigogo wana hazina ndani ya nyumba. Mwombe bibi akusomee fungu hilo kisha akueleze alichoelewa.

Nikuonyeshe kwa Yohana 15, kwa sababu sidhani kama kuna mahali Tanzania panapofaa kulisoma fungu hili kuliko hapa. "Mimi ndimi mzabibu wa kweli, na Baba yangu ndiye mkulima." Kabla ya kufungua kitabu chochote cha maelezo, nenda Mpunguzi au Hombolo ukamtafute mkulima wa zabibu, au mtafute aliye ndani ya jumuiya yako, maana mara nyingi yupo. Muulize kuhusu kupogoa. Atakuonyesha mzabibu uliotandazwa kwenye nguzo na waya, na namna mkasi unavyokata hadi vibaki vijiti vifupi vyenye macho (yaani vichipukizi) mawili au matatu. Shamba lililopogolewa jana mgeni atadhani limekufa: mashina ya kijivu, waya zikiwa wazi, matawi yamelundikwa chini kati ya mistari. Siku chache baadaye macho yanavimba, na baada ya miezi minne hivi watu wanavuna. Mkulima atakwambia pia kwamba usipopogoa, mzabibu unajaa majani na zabibu zinakuwa chache. Na tawi lililokatwa, hata kama lilikuwa na majani mazuri asubuhi, jua la Dodoma halilipi hata siku mbili.

Sasa rudi kwenye andiko ukiwa na picha hiyo. Mstari wa 2 unasema tawi lizaalo ndilo analolisafisha, lizidi kuzaa. Mkasi unapita kwenye tawi zuri. Hapo kiongozi awe mwangalifu sana. Nimewahi kumsikia mtu akimwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba Mungu "anampogoa". Tafadhali, neno hilo lisitoke kinywani mwako. Soma mstari wa 3: "Ninyi mmekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno nililowaambia." Yesu mwenyewe ametaja kinachosafisha, nacho ni neno lake. Hajataja msiba wa mtu. Kisha soma hadi mstari wa 17 uone tunda lenyewe: anarudia amri ya kupendana. Wengi huishia mstari wa 8 na kulifanya tunda kuwa mafanikio, nyumba, gari, cheo. Fungu lenyewe halisemi hivyo.

Na kumbuka saa aliyoyasema. Sura ya 13 hadi ya 17 ni usiku mmoja. Chakula cha jioni kimekwisha, Yuda ametoka nje, na kesho yake Yesu atasulubiwa. "Kaeni ndani yangu" ni maneno ya mtu anayejua kwamba wanafunzi wake wako karibu kutawanyika.

Hatua ya tatu: andika maswali manne tu

Tafakari nyingi huharibika kwenye maswali. Kiongozi anauliza, "Je, tunapaswa kupendana?" Wote wanajibu ndiyo, kimya kinafuata, naye anaanza kuhubiri. Swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, au ambalo kila mtu anajua jibu la kanisani, lifute.

Swali la kwanza liwafanye watu waangalie andiko: "Katika Matendo 2, hawa waumini wanafanya nini kila siku, na nini nyumba kwa nyumba?" Watarudisha macho kwenye ukurasa na kuona kudumu katika fundisho, ushirika, kuumega mkate, kusali, kuuza mali, kula kwa furaha. Usiwasaidie. La pili liguse ugumu: "Hii habari ya kuuza mali na kugawiana, inawezekana kwetu? Kwa nini mioyo yetu inasita?" La tatu liwe la mahali penu: "Katika mtaa huu, nani leo hana cha kuweka mezani, na sisi tumejuaje au tumeshindwaje kujua?" La nne liwe la kutenda, nalo nitalizungumzia mbele.

Hatua ya nne: mahali na namna ya kuketi

Zungusheni vikao nyumba zote. Kila kikao kikifanyika kwa mwenye sebule kubwa na makochi, Yakobo 2 imekwisha kuvunjwa kabla ya kusomwa. Yakobo anasema juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa mahali pazuri, na maskini anayeambiwa asimame pale au aketi chini. Mwenye chumba kimoja cha kupanga Chang'ombe akiona zamu yake inarukwa "tusimsumbue", ameelewa tayari anahesabiwaje. Nendeni. Tandikeni mkeka uani, chini ya mti. Kubalianeni kwamba mwenyeji hapiki: maji ya kunywa yanatosha, au chai iliyochangiwa na jumuiya. Sheria hii iandikwe, maana bila kuandikwa kila mwenyeji atataka kumzidi aliyetangulia, na wale wasio na uwezo wataanza kutoa udhuru.

Kaeni duara. Wazee wapewe viti, vijana mkekani. Watoto wasifukuzwe.

Hatua ya tano: kikao chenyewe

Saa moja na nusu inatosha. Wakati wa kilimo, kuanzia Desemba hadi Aprili, vijijini fupisheni iwe saa moja, mkutane jioni watu wakishatoka shambani.

Wimbo na sala fupi ya kufungua, dakika kumi. Kisha kabla ya Neno ulizeni: tulichokubaliana wiki iliyopita kimefanyika? Dakika tano tu.

Halafu fungu lisomwe mara ya kwanza, polepole, na mtu mwenye sauti ya kusikika. Kimya cha dakika mbili. Mwanzoni kimya hiki kitawasumbua watu, watakohoa, simu zitaangaliwa, lakini usikikate. Lisomwe mara ya pili na mtu mwingine, ikiwezekana kwa tafsiri nyingine. Kama mna ndugu asiyeona anayesoma nukta nundu, pengine aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri, na ana Biblia yake, mpe yeye asome, na watu wasikilize. Baada ya hapo mwombe mtu asimulie fungu kwa maneno yake bila kuangalia kitabu. Hatua hii usiiache hata mkichelewa. Inawafaa wasiojua kusoma, na inaonyesha mara moja kama andiko limeingia. Mzee akitaka kusimulia kwa Chigogo au Kirangi, asimulie, na kijana amfasirie mgeni wa mji aliyeketi kando yake.

Wakatoliki wengi wanaijua njia ya hatua saba iliyotokea taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, iliyopata nafasi kubwa baada ya maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1976, kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kazi yao. Katika njia hiyo kila mtu hutaja kwa sauti neno au kifungu kifupi kilichomgusa, bila maelezo. Ndugu wa madhehebu mengine wanaweza kuitumia bila shida. Mtu aliyezoea kukaa kimya mwaka mzima anaweza kutamka maneno matatu ya andiko, na wiki zijazo atasema zaidi.

Sasa ulizeni maswali yenu, dakika thelathini hadi arobaini. Kisha maombi, na hapo watu waombee waliyoyasikia katika fungu.

Kuhusu nyimbo, nina jambo moja. Kanda hii ina utajiri wa uimbaji wa kuitikizana, na wanawake wa Kigogo wana ngoma yao ya muheme. Mwombe mama mmoja autie mstari mkuu kwenye wimbo wa mwongozaji na waitikiaji: yeye aongoze, wengine waitikie, "Wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika..." Watoto wataushika siku hiyo hiyo na kwenda nao kisimani.

Hatua ya sita: yatakayokukwaza

Kuna msemaji mmoja kila jumuiya. Mara nyingi ni mtu mwema, amesoma, ana mengi. Usimkate kwa aibu mbele ya watu. Subiri avute pumzi, umwambie: "Asante sana Baba Upendo, hapo umetufungua. Naomba tumsikie na Mama Yohana, leo hajasema." Akirudia kila wiki, mwendee nyumbani kwake, msalimie, kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo yake, umwombe akusaidie kuwapa wengine nafasi. Akiombwa msaada kwa heshima, atakuwa msaada.

Gumu zaidi ni umbea uliovaa nguo ya sala. "Tumwombee dada fulani, ndoa yake…" na kumbe dada fulani hayupo na hajaomba habari zake zifike hapo. Wekeni sheria mapema: mtu huleta ombi lake mwenyewe, au la mtu aliyemruhusu. Ushuhuda nao una mpaka. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ulitufundisha kutembea nuruni na kukiri mbele ya ndugu, na ni urithi mzuri. Lakini mtu akiri dhambi yake, asikiri ya mumewe. Na jambo la mtoto kuumizwa au mwanamke kupigwa haliishii kwenye maombi ya jumuiya. Kiongozi ahakikishe aliyeumizwa yuko salama usiku huo, jambo lifikishwe kwa mchungaji au padre, na kwa polisi au ustawi wa jamii.

Mkishindwa kuelewana juu ya maana ya mstari, andika swali kwenye daftari, mpelekee mwinjilisti au katekista, ulete jibu wiki inayofuata. Hakuna aibu hapo.

Hatua ya saba: tendo, jina na siku

Waebrania 10:24 inasema "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri", na mara baada ya hapo ndipo linakuja lile tunalolitumia kuwakemea wasiohudhuria, "wala tusiache kukusanyika pamoja". Kukusanyika na kazi nzuri vimo katika sentensi moja. Kwa hiyo swali la nne na la mwisho liwe hivi: kwa ajili ya fungu hili, tufanye nini, nani afanye, lini?

"Tuwe na upendo zaidi" hilo si jibu. "Jumamosi saa mbili asubuhi, Baba Neema na vijana wawili watamwezekea bibi wa nyumba ya kona bati zilizong'olewa na upepo" ni jibu. Liandikwe hivyo kwenye daftari.

Chukua 1 Wakorintho 11 kwa mfano. Tunaisoma kabla ya meza ya Bwana na kujichunguza kila mtu moyoni mwake. Paulo ameanza na sahani: kila mmoja anatangulia kula chakula chake, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Amri anayoitoa mwishoni ni nyepesi kusikia: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Fikiria sherehe yenu ya Krismasi ya jumuiya. Kina mama waliochota maji na kupika tangu alfajiri wanakula lini? Wanapata nyama, au mchuzi na ukoko? Jumuiya inaweza kuamua kwamba safari hii wanaume watapakua, waliopika wataketi kwanza, na hakuna atakayegusa chakula hadi wa mwisho apate sahani yake. Watu watakuwa wamemtii Paulo mbele ya macho ya watoto wao.

Kwa mambo ya fedha, wekeni mfuko mdogo, watunzaji wawili wasio wa nyumba moja, na daftari linalosomwa mbele ya wote kila mwezi. Anayesaidiwa jina lake lisitangazwe.

Daftari la tafakari lina kurasa tatu kwa kila wiki: fungu na maswali, yaliyozungumzwa, na tendo lenye jina na siku. Zamu yako ikiisha, mkabidhi anayefuata daftari hilo angalau wiki moja kabla. Kaa naye nusu saa, msome wote fungu alilochagua, na mwache aandike maswali yake mwenyewe.